Kodi ya Kichwa ya Sikuzani

Ruangwa,
9 Novemba 1951

Mpwa wangu Swalehe,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi ni mzima. Mkaza mjomba wako Kulthumu ni mzima pia, ila analalamika kwamba tangu Idi hujatia mguu Ruangwa. Mwamina hajambo. Anasema nikuulize kama huko Nachingwea karanga za Wazungu zimeota au zimeishia kwenye makaratasi. Hayo ni maneno ya binamu yako, mimi simo.

Mashamba tumekwisha kuyasafisha, tunangoja mvua. Kaburi la marehemu mama yako tumelipalilia. Jina lake bado halijapata mtu wa kulichukua, maana tangu alipotutoka ukoo wetu unazaa wanaume watupu. Wazee wanasema tungoje, basi tunangoja.

Sasa kinu. Ile injini niliyoinunua kwenye mnada wa vitu vya ule mradi wa karanga wa Wazungu, ambayo wazee walisema nimenunua chuma cha kufungia mbuzi, inakamua ufuta hadi watu wa Mtua na Chiola wanauleta kwangu kichwani. Wanapita huko kwenu mjini, wanaangalia kushoto na kulia, kisha wanakuja Ruangwa. Sisemi kwa kujisifu, ingawa najisifu. Nikikumbuka kwamba dada yangu Sikuzani, mama yako, ndiye aliyeianza kazi hii kwa kutwanga ufuta kwa mikono yake na kuengua mafuta kwa kata, na mimi kazi yangu ilikuwa kubeba chupa kwenda sokoni, nacheka peke yangu.

Lakini sifa huvuta macho. Alipita bwana mmoja wa kodi kutoka Lindi, kijana mpole, akaniuliza faida ya kinu ni ya nani. Nikamwambia ni yangu. Akaandika, akaaga. Juzi mfanyabiashara mmoja anayenunua mafuta yangu akaniambia, "Bwana Halfani, acha biashara ya mtu mmoja, fungua kampuni, kodi utaisahau." Mtu anayeniambia nitasahau kodi, mimi humwangalia mikono.

Wewe uko ofisini pamoja na watu wanaoyajua mambo haya. Nieleze: mtu mmoja mwenye kinu chake, na kampuni yenye kinu, nani analipa kodi kubwa? Nakuuliza wewe pia kwa kuwa ndiwe mwenyewe. Kwa desturi yetu mali ya mtu huenda kwa mtoto wa dada yake, na dada yangu alizaa mmoja tu. Siku nikizikwa, kinu ni chako. Basi nishauri kana kwamba unajishauri mwenyewe.

Mjomba wako,
Halfani


Nachingwea,
24 Novemba 1951

Kwa Mjomba Halfani,

Shikamoo mjomba, na shikamoo mkaza mjomba. Sabaha anawasalimu, na mwanetu Abdala ameota meno mawili anayoyajaribu kwenye vidole vya kila mgeni. Mwambie Mwamina karanga ziliota, ila kila moja ilikuwa na bwana wake wa kuisimamia, zikaona haya. Kambi zimepungua watu. Treni bado inakuja, inapiga honi kama zamani, lakini mabehewa mengi yanarudi mepesi.

Swali lako nililipeleka kwa Mzee Teofili, karani mkuu wa hesabu hapa kwetu ofisi ya mizigo. Ni mtu wa misheni, mpole, anayejua kodi kama shehe anavyojua hitima. Nilimuuliza wakati wa chai. Akavua miwani, akaanza kuifuta, nikajua chai itapoa.

Anasema hivi. Mtu mmoja na biashara yake ni mwili mmoja. Faida ya kinu ni pato lako, halina jina jingine. Lakini kwa kuwa wewe ni mtu, Serikali inakuhesabu kama mtu. Inajua una mke na mtoto, inakupunguzia kwanza kwa ajili yao, ndipo inatazama kilichobaki. Na hicho kilichobaki hutozwa kwa ngazi. Pato dogo hukatwa kidogo kwa kila shilingi, likipanda nacho kipimo kinapanda.

Kampuni ni jambo jingine kabisa. Kwa sheria ya Kiingereza kampuni ni mtu mbali, si wewe wala si mimi. Ila mtu huyu hana mke wala watoto, kwa hiyo hapunguziwi kitu kwa ajili ya familia, na ngazi hana. Hutozwa kipimo kimoja tangu shilingi ya kwanza ya faida. Akiwagawia wenye hisa, nao huulizwa wamepata nini. Teofili anasema ipo namna ya kurudishiana ili shilingi moja isikatwe mara mbili, lakini namna hiyo inataka karani, na karani anataka mshahara.

Kampuni ina jambo moja zuri. Inaweza kukulipa mshahara wewe unayekiendesha kinu, na mshahara huo hutolewa kabla ya kuhesabu faida. Mtu mmoja hawezi kujilipa mshahara. Kutoa mfuko wa kushoto kutia wa kulia, Bwana Kodi hadanganyiki.

Kwa hiyo tajiri mkubwa, ambaye ngazi yake imefika darini, hukimbilia kampuni apate kile kipimo kimoja. Kwa kinu kimoja cha Ruangwa, mjomba, yule mfanyabiashara amekuvalisha kanzu iliyoshonwa kwa mwili wake. Kama swali ni kodi, baki peke yako, kodi yako itakuwa ndogo kuliko ya kampuni.

Nilipomweleza Teofili kwamba umekitengeneza kinu kwa injini ya mnadani, alisema angependa kukuona kabla hajarudi kwao. Nikamwambia hata sisi ndugu zako huwa tunakushangaa.

Mpwa wako,
Swalehe


Ruangwa,
15 Desemba 1951

Mpwa wangu,

Maulidi tumeisoma salama, pilau ilitosha na mvua ikatusubiri hadi tukamaliza kula. Kulthumu amekuwekea korosho, anasema zitakuja na lori la kwanza lenye dereva mwaminifu. Kwa hiyo huenda zikachelewa.

Barua yako niliisoma mbele ya watu kibarazani. Nilipofika kwenye ngazi, wakataka nirudie. Nilipofika kwenye mtu asiye na mke wala watoto na bado anatozwa kuliko wote, kila mtu akamtazama kaka yake Kulthumu, ambaye mpaka leo hajaoa. Umeeleza vizuri, Swalehe. Nimezungukwa na watu wanaojua kusoma, lakini anayejua kusoma kisha akamweleza mwenzake akaelewa, huyo simwoni kila siku.

Sasa nikusimulie ya Mwamina. Msimu uliopita wengi walirudi na ufuta wao kwa kukosa ujira wa kukamulia. Mimi niliona ni bahati yao mbaya, basi. Mwamina akazunguka siku chache, kisha akatangaza kwamba asiye na fedha aache mashudu, yale mabaki yanayotoka baada ya mafuta, yatakuwa ndiyo ujira. Watu wakamcheka, maana mashudu walikuwa wakiwamwagia kuku. Kumbe alikwisha kupata mfugaji mmoja upande wa Nachingwea anayeyataka kwa ng'ombe wake, ayachukue kwa gunia. Leo hakuna anayerudi na ufuta wake nyumbani, na mashudu yanatuletea nusu ya fedha ya mafuta ya injini. Mimi ningekaa na kinu kile maisha yangu yote nisilione hilo. Hivi ninavyoandika namsikia huko nje akimwambia mtu wa Kiegei kwamba ufuta wake una mchanga, na mtu wa Kiegei anasema, "Aa dada, mchanga huo wa njiani tu, hata mimi nimeula." Basi wanacheka, lakini ufuta unachekechwa.

Umenijibu nililouliza, na jibu lako limenitosha kwa kodi. Kuna jingine limebaki. Umesema kampuni ni mtu mbali. Mtu huyo huugua? Hufa? Akifa mwenye kampuni, mtu huyo hurithiwa na nani? Muulize Mzee Teofili, akiwa na nafasi. Sina ugonjwa, nauliza tu.

Mjomba wako,
Halfani


Nachingwea,
27 Januari 1952

Kwa Mjomba Halfani,

Shikamoo. Korosho zimefika, na dereva alikuwa mwaminifu kiasi, maana zimefika nusu. Sabaha anasema ahsante. Abdala amejifunza kusimama kwa kushika kanzu ya babaye, hivyo siwezi kwenda popote.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mambo ya ofisi. Na kuanzia sasa barua zangu zipitie nyumbani kwa Mzee Teofili, kwani ofisi inahamahama vyumba na karatasi zinapotea.

Nilimuuliza. Kampuni haiugui wala haizikwi. Mwenye hisa akifa, kampuni haikai matanga. Kesho yake asubuhi inaamka inakamua ufuta. Madeni yake ni yake, hayaingii nyumbani kuchukua kitanda cha mjane. Na hisa ambazo mtu alimwandikia mwenzake angali hai na akili zake timamu, hizo si mali ya marehemu. Wazee wa ukoo hawana pa kuzishika, na shehe hana cha kugawa.

Mjomba, barua hii nimeiandika na kuichana, nimeiandika tena. Sasa niiandike moja kwa moja.

Ukibaki peke yako utalipa kodi ndogo. Kisha siku ile tusiyoitaka itafika. Wazee watakaa upande mmoja waseme kinu ni cha Swalehe, mtoto wa dada. Shehe atakaa upande wa pili aseme binti ana fungu lake na mjane ana lake, na kila upande utakuwa na haki yake. Injini haigawanyiki kama muhogo. Wataiuza ili kila mtu apate chake, na watu wa Chiola warudi kwenye mchi. Au nitapewa mimi. Mimi sijui hata kuiwasha. Ile habari ya mashudu uliyoniandikia nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma najiuliza mimi ningewaambia nini wale watu wasio na fedha. Ningewaambia ofisi imefungwa.

Hukuniuliza haya. Wewe umeuliza nani hulipa kodi kubwa, nami nimekwisha kujibu. Ila ulisema nikushauri kana kwamba najishauri, na ushauri wangu ni huu: lipa iliyo kubwa. Fungua kampuni. Mwandikie Mwamina hisa nyingi, mkaza mjomba zake, nawe ubaki na kidogo cha kukupa sauti. Ile shilingi utakayozidisha kwa Bwana Kodi kila mwaka ni bei ya kinu kubaki na anayekijua. Mimi naiona ni rahisi.

Jina langu usiliandike popote.

Mpwa wako,
Swalehe


Ruangwa,
2 Aprili 1952

Mpwa wangu Swalehe,

Mvua ilikata barabara, lori la posta halikupita muda mrefu, ndiyo maana tumekuwa kimya. Mahindi yamekwisha kukomaa, nguruwe pori wamekula yao nasi tumekula yetu. Mwandiko huu ni wa Mwamina, kwa kuwa macho yangu yamechoka. (Macho ni mazima. Ni kifua. Amenikataza nisiandike. Mimi, Mwamina.)

Barua yako niliwasomea wazee wa ukoo. Sikuwaficha hata neno. Mzee Jumaa akauliza kama Swalehe amerogwa. Nikasema hapana, amesoma. Akasema, "Bwana weye, mie nimezika watu wengi, sijaona mpwa anaekataa mali ya mjombaake ilhali mjomba yungali hai." Mimi nilitoka nje nikalia kidogo. Nakwambia kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka isipokuwa huyu anayeandika. (Sikucheka.)

Basi nimepeleka neno kwa wakili mmoja Lindi, ameanza makaratasi. Nami nikaona, ikiwa kampuni ni mtu, na mtu huyo anakuja kukaa nyumbani kwangu, haitafaa aonekane mkwepa kodi tangu siku ya kwanza. Nikavaa kanzu yangu ya Ijumaa, nikaenda barazani kwa watu wa Serikali kumlipia kodi ya kichwa.

Karani akaniuliza jina la mtu. Nikasema bado hajapewa. Akauliza umri. Nikasema hajazaliwa, yu njiani, mkunga wake ni wakili wa Lindi. Akaweka kalamu chini. Akauliza, "Mzee, ni mwanamume au mwanamke?" Hapo nilikwama. Barua zako zote mbili nimezipekua, hukunieleza. Karani akasema, "Rudi nyumbani, mzee wangu. Mtu ambaye hata wewe humjui mie simwandiki." Watu waliokuwa kwenye foleni mpaka leo wakiniona sokoni wananiuliza, "Mgonjwa wako kajifungua?" (Ni kweli, na wananiuliza mimi pia.)

Neno la mwisho. Bahasha zako za zamani zilikuwa na muhuri wa ofisi. Ile ya Januari haina, na stempu umenunua mwenyewe. Ofisi ikihama vyumba huhama na muhuri wake. Lipo jambo hujaniambia. Sikulazimishi.

Mjomba wako,
Halfani
(kwa mkono wa binamu yako, ambaye hajui akushukuru kwa maneno gani, kwa hiyo ameandika vizuri kuliko kawaida yake)


Nachingwea,
20 Aprili 1952

Kwa Mjomba Halfani,

Shikamoo mjomba. Binamu, ahsante kwa yale ya kwenye mabano. Endelea hivyo hivyo, hata akikukataza.

Habari ya kodi ya kichwa nilimsomea Sabaha, akacheka hadi akamwamsha Abdala. Mzee Teofili alipoisikia hakucheka. Alivua miwani akafikiri, kisha akasema kwamba kwa miaka yote ya kazi yake hajaona mtu aliyekwenda kulipa kodi asiyodaiwa. Anakusalimu sana. Jibu lake ni kwamba kampuni haina kichwa. Itakata leseni ya biashara kama wewe ulivyokuwa ukikata, na itatozwa kwenye faida yake. Vichwa mtalipia vyenu wenyewe kama zamani.

Sasa ule muhuri. Kazi yangu ilikwisha kabla ya mwaka mpya. Kambi zimefungwa, mizigo hakuna, na ofisi ya mizigo isiyo na mizigo haina haja ya karani. Nafanya vibarua stesheni treni ikifika. Sabaha anakaanga maandazi, na nakuhakikishia watu wanayafuata kama wanavyofuata mafuta yako. Hatulali njaa.

Sikukuambia Januari kwa sababu nilikujua. Ungejua sina kazi, ungekikamata kinu kwa mikono miwili uniwekee mimi, na Mwamina angebaki mtumishi wa binamu yake asiyejua injini. Nilitaka uamue kwanza.

Kwa hiyo nakuomba, na ombi hili nalisema kwa heshima zote, usiniandikie hisa hata moja kwa kunihurumia. Nikizipokea, itakuwa nimeshauri kwa mkono mmoja na kukinga mwingine. Wewe umesema ni macho tu. Mimi nimesema ofisi inahama vyumba. Sasa tumejuana.

Nenda hospitali, mjomba. Tafadhali.

Mpwa wako,
Swalehe


Ruangwa,
5 Julai 1952

Mpwa wangu Swalehe,

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, utaujua kwa ubaya wake. Nilikwenda hospitali ya misheni, Mwamina alinipakia kwenye lori juu ya magunia ya mashudu kama shehena. Wamenipa dawa, wamenikataza tumbaku, na kifua kimepoa. Mwezi wa Ramadhani sikufunga kwa amri yao, nitalipa nikipata nguvu. Idi tulikula bila ninyi, Kulthumu alikasirika hadi akaacha sahani yako mezani.

Ufuta umeanza kuingia. Mwaka huu ni mwingi, watu wanalala na mizigo yao mbele ya kinu.

Kampuni imezaliwa. Wakili ameleta karatasi yenye muhuri, nimeifunga kwenye kitambaa. Mwamina ana hisa nyingi, Kulthumu ana zake, mimi nina chache za kunipa sauti, kama ulivyosema. Nimekutii, mpwa wangu. Wewe hujaandikiwa hata moja.

Lakini yule karani wa barazani alinifunza jambo. Mtu lazima awe na jina. Nawe unajua kwetu jina la marehemu halitupwi. Hupewa mtu wa ukoo, na anayelipokea hulipokea pamoja na undugu wote wa mwenye jina. Watoto wa marehemu humwita mama, nduguze humwita dada, hata akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nikawaita wazee. Nikawaambia, tumengoja mtoto wa kike miaka yote hii, na huyu mtu mpya amezaliwa nyumbani kwetu, hana baba wala mama, na kazi yake ni ile ile aliyoianza dada yangu kwa mchi na kata. Mzee Jumaa akasema, "Kama Serikali yasema mtu, sie tukatae tuna nini?"

Tukaenda kaburini. Shehe akasoma dua. Mzee Jumaa akamwaga unga kidogo kama walivyofanya babu zetu, na shehe akawa anaangalia mikorosho. Mwamina ndiye aliyelitamka jina. Mwenye kinu sasa ni Kampuni ya Sikuzani ya Ruangwa.

Nikarudi barazani kwa yule karani, maana kazi sipendi kuiacha katikati. Nikamwambia mtu wangu amepata jina, anaitwa Sikuzani. Safari hii aliinuka akanipa mkono. Akasema, "Basi ni mwanamke huyo, mzee. Mwanamke hatozwi kodi ya kichwa. Mpe salamu."

Swalehe, sheria ya Kiingereza inasema kampuni ni mtu. Sheria yetu inasema mtu mwenye jina la Sikuzani ni mama yako. Nimezitazama sheria zote mbili, sioni mahali zinapogombana. Na huyo mama yako anadaiwa na Bwana Kodi hesabu za mwaka, aeleze mauzo, mishahara, faida, na huku nyumbani hapana anayejua kuziandika kwa namna inayotakiwa. Mwamina ameniambia mwandishi wa hesabu analipwa mshahara, na mshahara hutolewa kabla ya faida, kwa hiyo si huruma. Alijifunza kwenye barua yako.

Nilikuwa nakusifu kwa kusoma. Siku hizi nikitaja jina lako mbele ya watu, sitaji kusoma. Hisa umezikataa na nimekuheshimu. Kwenda kwa mama yako sidhani kama utakataa.

Mjomba wako,
Halfani


Nachingwea,
13 Julai 1952

Kwa Kampuni ya Sikuzani,
Ruangwa

Shikamoo mama.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, kwa kuwa maneno haya mawili sijayaandika tangu ulipotutoka, wala sikutazamia kuyaandika tena. Sabaha amesoma juu ya bega langu akaenda kukaa nje. Mzee Teofili ameniletea kalamu yake nzuri, amesema barua ya kwanza kwa mtu kama wewe isiandikwe kwa kalamu ya dukani.

Sisi wazima. Mjukuu wako Abdala anatembea. Utamwona, na uwaonye mapema watu wa kinuni wafiche vidole vyao.

Nimepokea habari kwamba unahitaji mtu wa kuandika hesabu zako za kodi. Kazi hiyo naiweza. Mshahara wangu aupange Mwamina, uwe kama wa mtu mwingine yeyote, na utolewe kabla ya kuhesabu faida, ili Bwana Kodi apate chake na wewe usionewe. Kama mjomba atasema nikalie kiti cha juu, mwambie mwanao amekataa.

Tunakuja na lori la Jumatano. Nina sanduku moja, kikaango cha Sabaha na mtoto. Nisalimie mjomba, mkaza mjomba na binamu yangu, na uwaambie waache taa ya kibarazani ikiwaka, maana njia ya nyumbani kwako sijaipita siku nyingi.

Mwanao,
Swalehe